Salamu kwa Mpika Sukari

Shaweji Mbonde hakuwa na shahada. Hakuwa na meno mawili ya mbele, wala goti la kulia lenye kukubali ngazi. Hakuwa na ofisi. Alikuwa na meza, na meza yenyewe ilikuwa koridoni. Hakuwa na mke tena, hakuwa na mtoto anayeishi karibu, hakuwa na kiti katika mikutano ya Jumatatu ambako madaktari saba walijadili barua alizoziandika yeye. Hakuwa na haki ya kutia sahihi. Na asubuhi hiyo ya Jumapili, tarehe kumi na nne Agosti mwaka 2146, hakuwa na jibu la swali aliloulizwa siku saba zilizopita na mtu aliyeishi mwaka 1791.

Alichokuwa nacho ni mwandiko. Herufi za Kiarabu kwa maneno ya Kiswahili, kama zilivyoandikwa Kilwa zamani, alifundishwa na bibi yake kwenye ubao kabla hajazoea kuvaa viatu. Mengine yote aliyatafuta mwenyewe, miaka kumi na moja ya madarasa ya jioni, baada ya zamu ya ulinzi kwenye lango la kituo hiki hiki juu ya kilima cha Singino. Siku Kituo cha Mwaka 1791 kilipopata kwa mara ya kwanza alama za mtu kutoka upande wa pili, na ikaonekana mtu huyo anaandika kwa herufi hizo, wataalamu walimtafuta msomaji hadi ng'ambo. Msomaji alikuwa langoni akiwafungulia geti.

"Mume wangu," alisema Somoe Chande akiweka bakuli la uji mbele yake, "uso huo ukiuleta mezani maandazi yanachacha."

"Maandazi ya kantini hii yalichacha kabla sijazaliwa."

"Basi mna umri mmoja."

Somoe alikuwa fundi wa mtambo, mwanamke wa miaka thelathini na mitano mwenye mikono mipana. Shaweji alikuwa binamu wa babu yake, kwa hiyo alimwita mume kila siku mbele ya watu, na mjukuu ana haki hiyo.

Kipaza sauti ukutani kilianza kusoma taarifa ya siku, kama kila asubuhi. Tarehe kumi na nne Agosti 1791. Paris: mfalme yuko chini ya ulinzi tangu alipokamatwa njiani akitoroka mwezi Juni. London: hakuna jipya kuhusu biashara ya watumwa tangu bunge lilipoukataa mswada mwezi Aprili. Maisuri, kusini mwa India: majeshi ya Waingereza yaliyorudishwa nyuma na mvua na njaa yanajikusanya upya. Kisiwa cha sukari cha Wafaransa, ambacho baadaye kitaitwa Haiti: walowezi wanaendelea kuikataa amri ya kuwapa haki machotara walio huru. Kilwa: hakuna taarifa.

"Kilwa hakuna taarifa," Somoe alirudia. "Miezi minane nasikia hivyo. Utafikiri watu wa Kilwa walikuwa wamelala mwaka mzima."

"Walikuwa wanapakiwa melini," Shaweji alisema, akaanza kunywa uji.

*

Kila taifa lilikuwa limepewa mwaka wake wa kuuangalia, na huu ndio uliowaangukia wao. Mtambo waliuita Kisima, lakini hakikuwa kisima. Kilikuwa sufuria ya shaba, pana kiasi cha mtu mzima kujikunja ndani yake, iliyofukuliwa Haiti na kuletwa hapa kwa sababu shamba lake lilikuwa na watu waliotoka Kilwa. Shaba ikipozwa mpaka karibu na mwisho wa baridi, chembe zake hushindwa kutofautisha zilipo na zilipokuwa. Kwa sufuria hii pengo lilikuwa miaka mia tatu hamsini na mitano, halipungui wala haliongezeki. Siku ikipita huku, inapita kule. Hakuna kuruka mbele ukachungulia, hakuna kurudi ukarekebisha.

Barua iliandikwa kwa wino, ikafungwa ndani ya bahasha kwa lakiri, kisha ikawekwa chini ya taa ya mtambo. Taa ilisoma wino bila kufungua bahasha. Alama zile zile zikajichora kwenye masizi ya sufuria ile ile, katika nyumba ya kuchemshia sukari, kwenye shamba la Mfaransa mmoja. Ilikuwa lazima ifungwe kwanza. Katika kituo cha wenzao karani alibadilisha barua mdomoni mwa mtambo. Alimwonya mama mmoja ahame bondeni kabla ya mafuriko. Mama akapona na wanawe. Kesho yake mtaa mzima wa mji wa leo ulikuwa na watu wengine, na watu elfu nne hawakuwa wamewahi kuzaliwa. Walijulikana tu kwa sababu kila kituo kina bamba lililopozwa kwa baridi ile ile, limechorwa majina ya wote wanaokizunguka, na bamba halibadiliki. Walisoma majina elfu nne, wakaulizana ni ya nani.

Shaba iliweza kubeba maneno thelathini na mawili kwa wiki. Zaidi ya hapo ilipata joto na kusahau.

Hapo ndipo Shaweji alipokosea, mwezi wa Machi. Aliambiwa aandike barua ya kwanza, maneno thelathini na mawili, amuulize mtu huyo jina lake, shamba lake na idadi ya watu. Akaandika kama alivyofundishwa. Kwanza salamu: kwa mheshimiwa ndugu yetu, salamu nyingi sana, hali zetu ni njema, wasiwasi wetu ni juu yako, wakubwa kwa wadogo wanakusalimu. Kisha "ama baada ya salamu", na kuanzia hapo ndipo alipoanza kuhesabu. Alihesabu mara mbili, akapata thelathini na mawili kamili. Haikumpitia akilini kwamba salamu nazo ni maneno ya kuhesabiwa. Kwao hata mtoto anajua kwamba salamu ndiyo mlango, barua ni chumba.

Shaba ilisahau katikati ya salamu. Maswali hayakufika hata moja.

Mkurugenzi wa wakati huo alimfokea mbele ya wafagiaji. Kisha ikafika Jumapili, na jibu likaonekana kwenye masizi, limeandikwa kwa kidole: "Nami nakusalimu. Naitwa Mkambala bin Sefu. Miaka kumi na mitatu sijasalimiwa."

Madaktari walisoma tafsiri. Baada ya hapo wakaongeza kanuni katika kitabu, ya kumi na nne: salamu si taarifa, haihitaji idhini. Shaweji aliandikiwa kanuni, yeye asiye na sahihi. Hakuwahi kulisema jambo hilo, lakini ukurasa aliujua.

*

Mkambala alikuwa mpika sukari. Kila Jumapili moto ulizimwa, naye alitumwa kusugua masufuria. Alisoma, akajibu kwa kidole, akafuta. Mwezi wa Aprili alisema: "Maneno yako mapya kama kiatu kisichovaliwa. Nadhani hujazaliwa." Hakuna aliyemjibu ndiyo wala hapana, naye akaliacha. Aliwataja wenzake wa nyumba ya sukari, Mabruki na Nakwetu. Mwezi wa Mei aliandika: "Mke wangu Ziada ana mimba. Akiwa mwanamume ataitwa Sefu, jina la marehemu baba yangu. Kwetu jina la aliye hai hapewi mtoto."

Na Jumapili iliyopita aliandika haya: "Nimetakiwa nipeleke neno mashamba matano, Jumanne wiki ijayo. Nisipokwenda mimi atakwenda Mabruki. Wewe uko mbele, unaona. Niende au nisiende?"

Shaweji aliona. Ilikuwa kwenye kabati la nyaraka, karatasi mbili. Ya kwanza ni barua ya msimamizi wa shamba: mpika sukari amekamatwa njiani Jumanne, ameulizwa kwa moto siku nzima ya Jumatano, amekufa bila kutaja jina la mtu hata mmoja. Siku tano baadaye nyanda zote za kaskazini ziliwaka, na watu karibu nusu milioni wakaanza safari ya kuwa huru. Ya pili ni orodha ya kambi moja, miaka kumi mbele. Mabruki, huru. Nakwetu, huru. Ziada, huru. Na chini ya Ziada, mtoto wa kiume, miaka tisa, aliyezaliwa huru: Mkambala.

Alikuwa ameitafsiri karatasi hiyo ya pili mwezi wa Juni. Alikuwa amelala vibaya tangu hapo.

*

Daktari Edina Mwasumbi, mkurugenzi mpya, alihamishiwa kituoni mwezi Julai kutoka Mbeya. Saa tano asubuhi alikuja mwenyewe koridoni badala ya kumwita, na hilo Shaweji alimhesabia kuwa jema.

"Shikamoo, Mzee Shaweji."

"Marahaba, Daktari. Karibu, ingawa kiti ni kimoja."

"Nitasimama." Aliweka fomu mezani. "Hii ndiyo ya mwisho. Baada ya leo wanapika wiki nzima bila kupumzika, na Jumatatu ya wiki inayofuata nyumba ya sukari inaungua. Hatutampata tena. Kamati imekubaliana tuulize mkutano wao ulifanyika wapi na nani aliuongoza. Wanahistoria wamebishana juu ya hilo karne tatu."

Shaweji alivaa miwani, akasoma fomu, akaivua.

"Yeye ametuuliza. Sisi tunamjibu kwa kumuuliza."

"Mimi si jiwe, Mzee. Nimesoma barua ya yule msimamizi mara nne."

"Umesoma tafsiri yangu mara nne."

Daktari Edina alikubali kwa kichwa. Alikuwa mtu mwenye haki, na hilo lilimchosha Shaweji zaidi kuliko ukali wa yule aliyemtangulia.

"Tukimwambia asiende," alisema, "anakwenda Mabruki. Mkambala mwenyewe ametuandikia kwamba Mabruki ni mwoga wa moto. Akikamatwa akasema majina, inakuwaje siku ya Jumatatu? Nusu milioni wanabaki kwenye miwa. Mpaka mwaka gani? Kwa miaka mingapi?"

"Najua."

"Na bamba letu tutalisoma kesho tukiulizana haya majina ya nani."

"Najua, mwanangu. Yote hayo nimekutafsiria mimi."

Alisema mwanangu bila kukusudia. Daktari Edina alitazama chini, kwenye viatu vyake.

"Taarifa naidhinisha mimi," alisema taratibu. "Hiyo ya kumwonya siwezi kuidhinisha. Hii ya kuuliza nimekwisha kuitia sahihi. Ukiona huwezi kuiandika, iache wazi. Sitakulazimisha. Ila saa nane ndiyo alfajiri yao, na hatachelewa kusugua kwa ajili yetu."

*

Chumba cha Kisima kilikuwa na baridi iliyopita ndani ya makoti. Somoe alikuwa amelala chali chini ya mabomba, miguu nje, akikaza kitu.

"Mume wangu, umeandika?"

"Bado."

"Mwandikie asiende." Sauti ilitoka chini ya mabomba kama ya mtu anayezungumzia mboga. "Ukifika kwenye taa mimi nitakuwa nafunga kamba za viatu. Huyo Daktari hajui alifu wala be. Nani atajua?"

"Bamba litajua. Jina la mama yako limo."

"Jina la mama yangu limo, na la kwangu limo." Alijivuta akatoka, akakaa sakafuni, mafuta yamempaka shavuni. "Nimewaza wiki nzima. Nimeona kama ni kuondoka bila kujua umeondoka, hakuumi. Lakini yule ataumia siku nzima."

Shaweji alikaa juu ya sanduku la vifaa. Goti lilimsumbua.

"Na Mabruki?"

Somoe alijifuta mafuta shavuni kwa mkono wa koti.

"Unaona? Nikimwambia usiende, nimemtuma Mabruki kwenye moto kwa mkono wangu. Nikimwambia nenda, nimemtuma yeye."

"Basi nyamaza. Ukinyamaza hujaua mtu."

"Nikinyamaza nimekuwa kama wale waliosimama pale Kilwa wakamwona anapakiwa, wakageuza shingo." Alipangusa miwani kwa ncha ya shati, ingawa haikuwa na vumbi. "Ameniuliza mimi, Somoe. Hakumuuliza mkurugenzi wala kamati. Miezi mitano tumesalimiana. Mtu akikuuliza njia nawe unaiona, huwezi kumtajia hali ya hewa."

"Sasa utamwambiaje bila kumwambia?"

"Sijasema sitamwambia. Nimesema sitamwamulia."

 Somoe aliokota spana yake, akarudi chini ya mabomba.

"Mimi nimeolewa na mzee mgumu," alisema kutoka huko.

*

Aliandika koridoni, kwenye meza yake, kwa kalamu ya mwanzi aliyoichonga mwenyewe. Safari hii alihesabu kila neno tangu la kwanza. Alipofika kumi alisimama akajipulizia vidole. Alipofika ishirini na tano alikaa muda mrefu na kalamu hewani, akimwona mtu asiyemjua sura amepiga magoti mbele ya sufuria, kitambaa mkononi, akisoma taratibu kabla jua halijamfikisha msimamizi. Ile orodha ya kambi ilikuwa kabatini hatua sita kutoka alipokaa. Pengine kesho ingekuwa karatasi tupu. Pengine lisingekuwepo kabati, wala yeye. Alikuwa na miaka sabini na tatu na hakujiogopea sana. Aliwaogopea wale wa kwenye bamba ambao hawakuulizwa. Hakupata njia ya kuwauliza. Aliandika maneno saba yaliyobaki.

Saa nane kasoro dakika kumi alikuwa mbele ya taa. Somoe alikuwa kwenye mtambo. Daktari Edina alisimama mlangoni na fomu yake mkononi.

"Fomu nimeiacha wazi," Shaweji alimwambia. "Hakuna taarifa."

"Hakuna kabisa?"

"Salamu tu. Kanuni ya kumi na nne."

Daktari Edina alivuta pumzi. Karne tatu za ubishi zilipita usoni mwake zikaenda zao.

"Nisomee," alisema. "Sijui kusoma mwandiko wako, na kesho nitaulizwa. Nisomee kama ulivyoandika, nami nitakuamini."

Shaweji aliinua karatasi kwenye mwanga. Hakupunguza neno wala hakuongeza.

"Kwa Mkambala bin Sefu, salamu nyingi. Nisalimie Ziada, mwanamke huru. Nisalimie Mabruki, huru. Nisalimie Nakwetu, huru. Nisalimie mtoto wa Ziada, aliyezaliwa huru, jina lake Mkambala. Wewe nakusalimu leo. Wasalaamu, ndugu yako Shaweji."

Mabomba yalivuma. Somoe, ambaye aliijua barua ya Mei kwa moyo, aligeuka akatazama vipimo vilivyokuwa havina haja ya kutazamwa.

"Unamwambia watakuwa huru," alisema Daktari Edina. "Hiyo imekaribia kuwa taarifa."

"Imekaribia."

Alifikiri. Kisha uso ukamlegea kidogo. "Na mtoto kapewa jina la baba yake. Kwetu nasi tunafanya hivyo. Mwanangu wa kwanza ana jina la baba yangu, na baba yupo, wanaitikia wote wawili ukiita." Alikunja fomu yake mara mbili. "Atafurahi kulisikia hilo. Mpelekee, Mzee."

 Kama Daktari angemuuliza Shaweji jina hilo lina maana gani kwa watu wa Mkambala, angemwambia. Alikuwa ameshajiapia hivyo koridoni. Hakuuliza. Barua ya Mei ilikuwa kwenye faili ambalo yeyote angeweza kulifungua.

Alikunja karatasi, akaitia katika bahasha. Somoe alimwashia mshumaa bila kuambiwa. Lakiri nyekundu ilidondoka polepole, tone, tone jingine, akagandamiza mhuri wa kituo kwa kiganja mpaka akasikia maumivu ya kifundo. Alisubiri ipoe. 

"Saa nane," alisema Somoe. "Babu." Hakumwita mume.

Kule kulikuwa kunakucha. Shaweji aliilaza bahasha chini ya taa, mhuri juu, akavuta wenzo kwa mkono wake mwenyewe.